"Klachi Imekufa": Uhakiki wa Msamiati wa Klachi ya Mafuta

Miongoni mwa maneno ya kigeni yaliyoingia katika Kiswahili pamoja na motokaa, neno klachi ni mojawapo ya yale yaliyopokewa bila ya mjadala. Usukani ulitoka chomboni ukapanda garini. Bomba tulilipata kwa Wareno. Gari lenyewe tulilipata Bara Hindi. Klachi, kama breki na gia, ilitoka kwa Waingereza, ikavaa irabu ya mwisho, na tangu hapo haikuulizwa swali. Katika makala haya hatukusudii kulifukuza neno hilo. Limekwisha kuenea, na kuunda jingine leo kungekuwa kupoteza wakati wa wasomaji. Tunachokusudia kukihakiki ni vitenzi vinavyoandamana nalo, maana humo ndimo hasara inamotokea.

Afisa anayejaza fomu ya matengenezo ya gari la umma huandika "klachi imekufa", akatia sahihi, akaridhika. Dereva husema "klachi imekwisha". Utingo husema "klachi imekata". Kauli hizo zote tatu ni Kiswahili safi, wala hatuna ugomvi na usafi wake. Ugomvi wetu ni kwamba hazimwambii fundi lolote. Klachi ina njia mbili za kuharibika, na njia hizo ni kinyume: yaweza kukataa kushika, na yaweza kukataa kuachia. Mwenye kusema imekufa amezika maiti wawili katika kaburi moja, na fundi ndiye atakayelifukua.

Kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni wafasiri na walimu wala si mafundi, yafaa kueleza kwanza kitu chenyewe. Kati ya injini na gia boksi pamewekwa pleti. Kwa kawaida springi huibana pleti hiyo kwenye flaiwili, vikazunguka pamoja. Hapo twasema klachi imeshika, na nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu. Dereva akikanyaga pedali, mbano huo hulegea, pleti hubaki huru, injini huzunguka peke yake, na gia yaweza kubadilishwa. Hapo klachi imeachia. Katika Land Rover ya kwanza, ile ya mwaka 1948, mguu wa dereva uliunganishwa na klachi kwa vyuma vitupu. Kuanzia ile ya pili, ya mwaka 1958, kazi hiyo ilikabidhiwa mafuta. Pedali husukuma pistoni katika silinda iliyo juu. Mafuta hupita katika bomba jembamba na kipande cha mpira hadi silinda nyingine iliyo ubavuni mwa nyumba ya klachi. Pistoni ya silinda hiyo husukuma ufito, ufito husukuma uma, uma husukuma beringi, na beringi ndiyo inayoulegeza mbano wa springi. Mafuta hayo hayabanwi yakapungua, na kwa sababu hiyo yanaweza kuichukua nguvu ya mguu kutoka juu hadi chini. Hewa hubanwa. Mapovu machache yakiingia bombani, mguu hushuka lakini ufito chini hausogei vya kutosha.

Sasa tutazame vitenzi. Mwalimu wa udereva humwambia mwanafunzi, "Kanyaga klachi", kisha, "Achia klachi taratibu." Kila mtu anaelewa, na gari linaondoka. Lakini mwanafunzi anapoachia, klachi yenyewe inafanya nini? Inashika. Na anapokanyaga, klachi inaachia. Yaani katika lugha ya darasa la udereva neno kuachia ni tendo la mguu, na katika lugha ya gereji ni tendo la pleti, na matendo hayo mawili hupishana kila mara: mmoja akiachia, mwingine ameshika. Hili si kosa la Kiswahili. Kila lugha ina maneno yanayotegemea nani ni mtenda. Kosa huanza pale mfasiri anaposahau kumtaja mtenda huyo.

Mfano ulio wazi ni huu. Kitabu cha Kiingereza cha matengenezo kikieleza kwamba klachi iwe imeshika, hutumia kitenzi ambacho kamusi humpa mfasiri kama kufunga, kuingiza au kuunganisha. Mfasiri asiyewahi kulala chini ya gari hufikiri: kuingiza klachi ni kuikanyaga. Basi huandika "kanyaga klachi" mahali ambapo kitabu kimeagiza mguu uondolewe kabisa. Maagizo yamegeuzwa juu chini, na sentensi yenyewe inasomeka vizuri mno hata mhariri haoni shaka. Kwa maoni yetu hili ndilo kosa baya kuliko yote katika uwanja huu, kwa sababu halina alama yoyote ya ukosa. Dawa yake ni nyepesi: tendo la mguu liandikwe kwa pedali, na tendo la mtambo liandikwe kwa klachi. "Achia pedali, klachi itashika." "Kanyaga pedali hadi mwisho; klachi iachie kabisa kabla ya kuingiza gia." Sentensi hizo ni ndefu kidogo kuliko zile za mwalimu wa udereva, lakini haziwezi kueleweka visivyo.

Kwa nini tulifanye jambo hili kuwa zito? Twende Irente. Irente iko kilomita chache kutoka mjini Lushoto, ukingoni mwa Milima ya Usambara Magharibi, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na mtu huiona Mazinde na nyika iliyo mbali chini yake. Atokaye huko kwenda barabara kuu hupita Lushoto, hushuka Soni, kisha hufuata kona za mlima hadi Mombo. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na katika kilomita hizo gari hushuka takribani mita 1,000. Matunda na kabeji za milima hiyo hupita hapo kwenda Dar es Salaam. Katika nchi tambarare dereva ambaye klachi yake haiachii anaweza kujikokota katika gia moja hadi nyumbani. Katika mteremko wa Soni, gia ndogo ndiyo breki ya kwanza, na dereva asiyeweza kuiingiza hubaki na breki za miguu peke yake, ambazo zikipata moto mwingi hupungua nguvu.

Tulionyeshwa katika milima hiyo fomu za gari moja la ofisi ya umma, ambayo hatuna haja ya kuitaja. Lilikuwa Land Rover kuukuu, na fomu ya kwanza iliandikwa hivyo hivyo: "Klachi imekufa." Aliyeidhinisha fedha alisoma klachi, akaidhinisha klachi, yaani pleti mpya na presha pleti mpya. Ili kuifikia pleti ya gari la namna hiyo sharti viti vya mbele vitolewe, sakafu ing'olewe, na gia boksi itenganishwe na injini. Kazi ilifanywa, gari likarudi, na baada ya siku chache pedali ikashuka tena hadi sakafuni. Fomu ya pili iliandikwa: "Klachi mpya imekufa." Ni fundi mmoja mzee wa Lushoto aliyeuliza swali ambalo fomu zote mbili hazikulijibu: haishiki, au haiachii? Haikuwa ikiachia. Kikopo cha mafuta kilikuwa kimepungua na silinda ya chini ilikuwa imelowa. Kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa raba moja ndogo ya pistoni.

Pleti ya zamani, tuliambiwa, ilikuwa bado nene. Wasomaji walio watumishi wa serikali watajua wenyewe gharama ya hadithi hiyo katika vitabu vya hesabu.

Swali la fundi huyo lina thamani kubwa kuliko istilahi nyingi tulizokwisha kuziunda. Klachi isiyoshika hujulikana mlimani: dereva hukanyaga mafuta, injini hupiga kelele, lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua hupanda. Hapo shaka ya kwanza ni pleti iliyolika, au pleti iliyorushiwa oili kutoka nyuma ya injini. Klachi isiyoachia hujulikana gari likiwa limesimama: gia huingia kwa kusaga meno, hasa ya kurudi nyuma, na pengine gari husogea ingawa mguu umefika mwisho. Hapo shaka ya kwanza ni mafuta. Fundi hutazama kikopo kama kimepungua. Hupapasa nyuma ya pedali, kwani silinda ya juu ikivuja huloweka huko. Hufunua kifuniko cha raba cha silinda ya chini. Kama pedali hupata nguvu baada ya kupigwa mara mbili tatu, kuna hewa bombani au raba ya juu imechoka. Kama pedali huzama polepole chini ya mguu uliotulia, wala hapana tone lolote nje, basi mafuta yanarudi kwa ndani yakiipita raba ya silinda ya juu. Na kama vyote ni vikavu, humwomba mtu akanyage huku yeye mwenyewe akiutazama ufito chini. Ufito ukitembea mwendo wake kamili na bado gia zinasaga, hapo tu ndipo inapokuwa halali kuifikiria gia boksi kushushwa. Mpira unaounganisha bomba na silinda nao usisahauliwe: ukizeeka huvimba kila pedali inapokanyagwa, ukaimeza nguvu, ilhali kwa macho waonekana mzima.

Tumeyaeleza hayo kwa maneno ya gereji, na msomaji ataona kwamba hatukupungukiwa. Kuvuja, kulowa, kuzama, kusaga, kuvimba, kushika, kuachia: vyote ni vitenzi vya Kibantu vya siku zote, na kila kimoja kinaelekeza mahali tofauti katika mtambo. Hata hivyo orodha za istilahi, za kwetu na za wengine, aghalabu ni orodha za nomino. Tangu Baraza kuundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, kazi ya kusanifisha imehesabiwa kwa majina ya vitu, na hilo laeleweka, kwani kitu huonekana na hukosa jina waziwazi. Kitenzi hakionekani kukosekana. Hukaa mahali pake, kikiwa kimepotoka. Twapendekeza kwamba orodha yoyote ya vyombo vya ufundi itakayotayarishwa iandamane na vitenzi vyake vya ubovu.

Nomino pia zina kesi zake, na iliyo nzito ni mafuta. Katika Kiswahili mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya kuendeshea gari, ya kulainisha injini, na ya breki. Mtu akiambiwa "ongeza mafuta kwenye kikopo cha klachi", naye ana chupa ya oili ya injini mkononi, ametii amri. Lakini raba za silinda za magari hayo zimetengenezwa zipatane na mafuta ya breki yale ambayo kopo lake limeandikwa DOT 3 au DOT 4, herufi zinazotokana na jina la Idara ya Uchukuzi ya Marekani. Oili ya injini huzivimbisha raba hizo na kuzilainisha. Raba iliyovimba hukwama. Katika silinda ya juu huweza kuliziba tundu dogo ambalo mafuta hurudia kikoponi. Basi mguu ukiondolewa, mbano haurudi wote, na klachi ambayo jana haikuachia, leo haishiki. Hapo hata lile swali zuri la fundi wetu hupata jibu la kupotosha, na pleti isiyo na hatia hutuhumiwa tena.

Hatari haiishii kwenye klachi. Yako magari ambayo klachi na breki hunywa katika kikopo kimoja. Aghalabu tundu la klachi huwekwa juu zaidi, ili mafuta yakivuja klachi ife kwanza na breki zibaki na akiba. Katika gari kama hilo, klachi isiyoachia ni onyo kuhusu breki, na oili iliyotiwa kikoponi kwa ajili ya klachi imetiwa katika breki pia. Mtu anayeshuka kutoka Irente angependa kulijua hilo kabla ya kona ya kwanza. Kwa sababu hiyo twashauri mfasiri asiandike mafuta peke yake hata mara moja katika maandishi ya namna hii, ijapokuwa neno limetajwa mstari uliotangulia. Aandike mafuta ya breki kila mara, na aandike oili kwa ajili ya injini. Urudiaji ambao mwalimu wa insha angeupiga mstari mwekundu, hapa ni wajibu.

Kuhusu haidroliki, wapo wanaotamani kuitafsiri kwa kufuata asili yake ya Kigiriki, ambayo ni maji, wapate "klachi ya maji" au "nguvu-maji". Sisi hatuliafiki jambo hilo. Asili ya neno si maana yake, na maji ndiyo adui mkubwa wa mtambo huu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Maji hayo hutia kutu ndani ya silinda na hushusha kiwango cha kuchemka. Mafuta ya DOT 3 yaliyo mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za sentigredi, lakini yakisha kunyonya unyevu kiwango hicho huhesabiwa kuwa nyuzi 140 tu. Istilahi inayomkaribisha maji mlangoni haitufai. Tuseme klachi ya mafuta tunapozungumza na madereva, kinyume cha klachi ya waya, na haidroliki tubaki nayo darasani.

Kwa upande mwingine tungependa kulitetea neno ambalo baadhi ya wenzetu hulicheka. Mafundi husema "kutoa upepo" kwa ile kazi ya kuondoa hewa bombani. Hoja ya wapinzani ni kwamba upepo ni hewa inayokwenda, na hewa iliyonaswa bombani haiendi popote. Hoja hiyo ni sahihi kwa mwalimu wa jiografia. Lakini watu hujaza upepo katika mpira na tairi, na hakuna mtoto anayedhani kimbunga kimeingizwa humo. Kutoa upepo ni kauli iliyo hai na isiyo na utata: mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia, mwingine hulegeza nati ya upepo kwenye silinda ya chini, mafuta na mapovu hutoka, nati hukazwa, ndipo pedali huachiwa, na kazi hurudiwa hadi mafuta yatoke bila povu, huku kikopo kikijazwa kabla hakijakauka. Ukipindua mpango huo, mguu ukaachia kabla nati haijakazwa, umeingiza upepo badala ya kuutoa. Istilahi ya Kilatini isingeyaeleza hayo vizuri zaidi.

Limebaki suala la silinda mbili. Kiingereza kimeziita kwa majina ya bwana na mtumwa wake. Mafundi wengi hutamka masta na silevu, na kwa kuwa wameyachukua kama sauti tu, hawamkosei mtu. Mfasiri hana kinga hiyo. Akiandika "silinda mtumwa", katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilipita kwenda Pangani na Bagamoyo, ameleta msomaji fikra ambayo haina kazi yoyote chini ya gari. Tena hata kwa maana ya kiufundi jina hilo halisaidii, kwa kuwa halisemi silinda iko wapi. Silinda ya juu na silinda ya chini, kama tulivyozitumia katika makala haya, zinasema. Twakiri pingamizi moja lenye nguvu: katika magari mengi ya siku hizi silinda ya chini imezungushwa kwenye shafti ndani ya nyumba ya klachi, haina ufito wala uma, na haifikiki bila kushusha gia boksi. Kwa magari hayo tungeongeza neno moja, silinda ya ndani, ili mwenye kuidhinisha fedha ajue kwamba safari hii gharama ya kushusha ni ya haki.

Fomu ile ya ofisi, kwa kufuata tuliyoyaeleza, ingeandikwa hivi: "Klachi haiachii. Pedali hushuka hadi sakafuni, hupata nguvu ikipigwa. Kikopo cha mafuta ya breki kimepungua. Silinda ya chini imelowa." Ni maneno 19, na yanatosha katika nafasi iliyoachwa kwenye fomu. Tungeomba walimu wa vyuo vya ufundi watuletee vitenzi vinavyotumika katika karakana zao kwa ubovu wa breki na wa gia, kwani huko nako "imekufa" imeenea. Kuhusu beringi ya klachi, ambayo wengine huiita rilizi na wengine beringi ya kusukuma, maoni bado yamegawanyika, nasi tutalirudia suala hilo tutakapopata orodha kutoka Tanga na Mwanza.